Kadi za Kuinuka za Majengo Yaliyobomolewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ninayoulizwa mezani kwangu hapa Iringa mjini, na mengine kwa simu kutoka Mbeya, Tukuyu, Njombe na Makambako. Nimeyapanga kuanzia ya mwanafunzi wa siku ya kwanza hadi yale yanayomsumbua aliyekwisha kukata kadi nyingi. Jibu likishatolewa sehemu moja silirudii. Nakuelekeza kwa namba.

## Mambo ya msingi

1. Kadi ya kuinuka ni kadi ya namna gani?

Ni kadi ambayo ukiifungua jengo linasimama lenyewe, na ukiifunga linalala bapa kama karatasi nyingine. Hakuna waya wala pini. Kinacholiinua ni mikunjo tu.

Ziko za aina mbili. Ya kwanza hufunguliwa nyuzi 90, mithili ya kiti: ukurasa mmoja umelala, mwingine umesimama, na jengo limetoka katikati. Hii hukatwa kwenye karatasi moja bila gundi. Masahiro Chatani, msanifu majengo wa Japani, ndiye aliyeikuza kuwa sanaa ya majengo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ya pili hufunguliwa nyuzi 180, kadi ikalala wazi kabisa mezani na jengo likasimama juu ya mkunjo, likionekana pande zote nne. Hii huhitaji vipande na gundi. Anza na ya kwanza.

2. Kwa nini majengo yaliyobomolewa, wakati yapo mazuri yanayosimama?

Linalosimama unaweza kwenda kuliona. Lililobomolewa limebaki kwenye picha mbili tatu na vichwani mwa watu, na watu hao wanazeeka.

Mji wetu wenyewe umebeba jina la jengo lisilokuwepo. Iringa limetokana na neno la Kihehe *lilinga*, yaani ngome. Ngome ya Mtwa (chifu) Mkwawa pale Kalenga ilivunjwa na mizinga ya Wajerumani chini ya von Schele tarehe 30 Oktoba 1894. Mkwawa akaponyoka, akaendelea kupigana hadi alipojiua tarehe 19 Julai 1898. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na liko kwenye makumbusho ya Kalenga. Watoto wa shule wanaletwa kuliona, halafu wanatoka nje na kuuliza, "Sasa ngome yenyewe iko wapi?" Swali hilo ndilo lililonifanya nishike kisu na karatasi.

3. Sijui kuchora. Nitaweza?

Utaweza. Kazi hii ni ya rula na subira. Wanaojua kuchora mara nyingi hunipa shida zaidi, kwa sababu wanataka kupamba kabla ya kupima.

4. Nianze na jengo gani?

Anza na tembe. Wahehe, na Wagogo upande wa kaskazini, walijenga nyumba ndefu za pembe nne zenye paa bapa la miti na udongo, zikizunguka ua. Paa bapa ndilo umbo ambalo karatasi inalipenda kuliko yote: ukuta, kona, paa, kona, basi. Kadi yangu ya kwanza iliyosimama vizuri ilikuwa tembe la bibi mzaa baba, lililoanguka mvua za masika nikiwa darasa la pili. Lilikuwa na mlango mmoja na tundu la moshi, na mbele palikuwa na kinu. Kinu nilikikata kwa kipande kidogo kama ukucha, na baba alipoifungua kadi alikigusa kwanza kinu kabla ya nyumba.

Baada ya tembe, fanya zoezi kwa jengo linalosimama ili ujisahihishe kwa macho. Hapa Iringa nawapeleka wanafunzi kwenye Boma la zamani la Wajerumani, ambalo leo ni makumbusho. Ukishaweza kukata jengo unaloliona, ndipo uende kwa lile usiloliona.

## Vifaa

5. Nitumie karatasi gani?

Manila ya steshenari inatosha. Ukiuziwa kwa uzito, omba ya gramu 160 hadi 250 kwa mita ya mraba. Karatasi ya fotokopi, ile ya gramu 80, tumia kwa majaribio tu: jengo litasimama siku ya kwanza, na wiki ya pili litainama kama mgonjwa.

Kwa kuta za udongo napenda karatasi ya kaki, ile ya mifuko ya saruji na ya sukari. Rangi yake ni ya udongo wetu tayari. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, hutengeneza aina hiyo, hivyo nyumba ya udongo wa Iringa inaweza kusimama kwa karatasi ya Iringa. Ila ni laini. Ibandike juu ya manila kwanza.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni mwelekeo wa nyuzi. Kila karatasi ya kiwandani ina nyuzi zilizolala upande mmoja. Ikunje taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaokubali kirahisi ndio nyuzi zimelala sambamba na mkunjo. Mkunjo mkuu wa kadi ufuate nyuzi hizo. Ukikunja kinyume cha nyuzi, mkunjo utapasuka na kuonyesha meno meupe.

6. Kisu, gundi, na vingine?

Kisu cha kusukuma wembe, rula ya chuma, penseli kali, raba, na kalamu ya wino iliyokwisha. Kalamu hiyo ndiyo ya kukwaruzia mikunjo: pitisha ncha kwenye rula mara mbili, kisha kunja. Rula ya plastiki italiwa na kisu siku ya kwanza. Chini weka kadibodi ya boksi, na ibadilishe ikishajaa mistari, kwa sababu kisu hufuata mfereji wa zamani na kukupotosha.

Gundi ni ile nyeupe ya mafundi seremala. Chovya kijiti cha meno, paka kidogo, gandamiza chini ya vitabu. Ukimimina kutoka kwenye chupa karatasi italewa na kujikunja. Supa gluu usiitumie. Hugeuka njano na haikupi nafasi ya kusahihisha.

7. Niko Tukuyu na karatasi zangu zinajikunja zenyewe. Nifanyeje?

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na karatasi hunywa unyevu wa hewa. Zihifadhi zikiwa zimelazwa ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na chini ya ubao mzito. Kata siku ileile uliyopima, kwa sababu karatasi iliyonyonya unyevu huongezeka kidogo na vipimo vya jana havitakutana na vya leo. Njombe na Mufindi shida ni baridi ya Juni hadi Agosti: gundi hukawia. Acha usiku kucha.

## Picha, vipimo na ushahidi

8. Picha za jengo lisilokuwepo nitazipata wapi?

Anza nyumbani. Picha za harusi, kipaimara na Idi zina majengo nyuma ya watu. Usimwambie mama, "Nataka picha ya jengo." Mwambie, "Nioneshe picha za ujana wako." Albamu itatoka, na nyuma ya bega la shangazi utaona nguzo za baraza unalolitafuta. Makanisa ya kale nayo yana kumbukumbu: misheni ya Moraviani ya Rungwe ilianza mwaka 1891, na ya Tosamaganga ni ya miaka hiyohiyo ya 1890. Nenda na barua, kwa heshima, na uwe tayari kurudi siku nyingine.

Kwa enzi ya Wajerumani, maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt imeweka mkusanyo mkubwa wa picha za makoloni kwenye intaneti. Hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani nayo iliachia karibu picha 100,000 za kila aina mwaka 2008, zinazopatikana Wikimedia Commons. Siri ni kutafuta kwa majina ya wakati ule. Ukiandika "Tukuyu" utapata kidogo, andika "Neu-Langenburg". Kwa Unyakyusa jaribu "Kondeland", na kwa Iringa andika pia "Uhehe".

9. Nina picha moja tu na sina kipimo hata kimoja. Nitajuaje ukubwa?

Tafuta ndani ya picha kitu ambacho ukubwa wake unaujua. Mlango wa kawaida una urefu wa karibu mita 2. Mtu mzima aliyesimama mlangoni ni rula pia. Kama paa ni la bati la mawimbi la zamani, si la msauzi wa siku hizi, una bahati: kutoka mgongo wa wimbi hadi mgongo unaofuata ni milimita 76. Hesabu mawimbi ya mbele. Yakiwa 80, paa lina mita 6 na kidogo.

Baada ya hapo chagua kipimo cha kadi. Mimi hutumia sentimita 1 kwa mita 1 kwa nyumba na maduka, na sentimita 1 kwa mita 2 kwa makanisa na maboma. Chukua vipimo kwenye picha iliyopigwa uso kwa uso. Iliyopigwa kwa pembeni hufupisha upande wa mbali, na fundi mgeni atakata madirisha yanayopungua ukubwa akidhani ndivyo yalivyojengwa.

10. Picha inaweza kudanganya?

Inaweza, na ilinidanganya. Nilikata kadi ya duka la zamani la kona, lenye baraza na nguzo sita, kutoka kwenye picha niliyopewa. Wiki nzima ya kazi. Nikampelekea mzee aliyekuwa fundi cherehani barazani pale. Nikamsalimu, "Kamwene," akaitikia, akaishika kadi, akaifungua na kuifunga mara tatu bila kusema neno. Kisha akaweka kidole kwenye nguzo ya mwisho. "Mwanangu, cherehani yangu ilikuwa huku. Na jua la asubuhi lilinipiga usoni. Wewe umeniweka nyuma ya jua."

Picha ilikuwa imechapwa kinyume, kushoto kukawa kulia. Nilirudi kuikagua kwa kioo cha kukuzia na kweli, herufi za kibao juu ya mlango zilikuwa zimegeuka. Tangu siku hiyo, kabla ya kupima chochote natafuta maandishi, vifungo vya shati la mwanamume (tundu ziko kushoto kwake), au mlima. Kwa Mbeya, mtu yeyote wa mjini atakuambia kama Loleza uko upande sahihi.

11. Wazee wanapingana. Nimfuate nani?

Usiwakutanishe kwanza. Msikilize kila mmoja peke yake, ukiwa na mfano wa karatasi nyepesi mkononi. Mtu ambaye hakumbuki akiulizwa "mlango ulikuwa wapi?" atakumbuka akishika nyumba na kuona imekosewa. Msikilize zaidi aliyefanya kazi ndani: mpishi, mfagiaji, karani, muuza maandazi wa barazani. Mwenye jengo anakumbuka gharama zake; aliyefagia anajua idadi ya ngazi.

Wakibaki na majibu mawili, na picha haiamui, nenda swali la 12.

12. Nyuma ya jengo hakuna aliyepiga picha. Nibuni?

Hapana. Hili ndilo jambo moja nisilolegeza. Kadi itaishi kuliko wewe, na mjukuu wa mtu ataishika akiamini dirisha ulilolibuni. Sehemu yenye ushahidi ikate kamili: madirisha, milango, nguzo. Isiyo na ushahidi iache ukuta mtupu, bila mstari, kwa karatasi ya rangi iliyofifia kidogo. Nyuma ya kadi andika kwa penseli: "Mbele: picha ya familia. Mlango wa kulia: maelezo ya aliyekuwa mpishi. Nyuma: haijulikani." Kadi ya nyuzi 90 inafaa sana hapa, maana mgongo wa jengo haupo kabisa na hulazimiki kuuonyesha.

## Kukata na kukunja

13. Hesabu ya kadi ya nyuzi 90 ikoje?

Unahitaji namba mbili: kimo cha ukuta na kina, yaani jengo linatokeza kiasi gani. Tuseme kimo ni sentimita 6 na kina 2.5, kwenye karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati.

Chora mistari miwili ya kukata, mmoja kila upande wa jengo, inayovuka mkunjo wa kati. Kila mstari uanzie sentimita 6 juu ya mkunjo wa kati na uishie sentimita 2.5 chini yake, jumla 8.5. Sasa mikunjo. Juu kabisa, pale kwenye 6, kunja kuelekea ndani. Chini kabisa, kwenye 2.5, kunja kuelekea ndani. Katikati, kwenye 3.5 juu ya mkunjo wa kati (yaani kimo toa kina), kunja kuelekea nje. Hapo ndipo paa linapokutana na ukuta wa mbele. Ndani ya eneo la jengo mkunjo wa kati wa kadi haukunjwi. Wanaoanza huukunja kwa mazoea, na jengo linavunjika kiuno.

Milango na madirisha kata kabla ya kukunja chochote.

14. Baraza na nguzo zake nafanyaje?

Baraza ni boksi dogo juu ya mkunjo wa boksi kubwa. Tumia hesabu ileile ya swali la 13, ila badala ya mkunjo wa kati wa kadi, tumia mkunjo ambapo ukuta wa mbele unakutana na ardhi. Baraza la kimo cha 3 na kina cha 1: kata 3 juu ya mkunjo huo na 1 chini yake, kisha kunja nje kwenye 2.

Nguzo zipatikane kwa kutoboa nafasi kati yake. Usizifanye nyembamba chini ya milimita 3 kwa manila, zitachanika. Kama kwa kipimo cha kadi nguzo inatoka milimita 2, ongeza ukubwa wa kadi nzima. Usipunguze idadi ya nguzo. Watu huzikumbuka nguzo kwa idadi.

15. Na paa la mgongo, kama kanisa?

Tumia kadi ya nyuzi 180. Mgongo wa paa uwe sambamba na mkunjo wa kadi, na juu yake kabisa. Kuta mbili ndefu zibandikwe chini, kila moja kwenye ukurasa wake, umbali sawa kutoka mkunjo. Kuta mbili fupi, zile za pembetatu juu, zikunjwe wima katikati, zishikwe na kuta ndefu tu na zisibandikwe chini kamwe. Lazima ziwe huru kujikunja kadi inapofungwa. Paa ni kipande kimoja chenye mkunjo kwenye mgongo, kinachoshikwa juu ya kuta ndefu.

16. Nikifunga kadi jengo linachungulia nje. Kosa liko wapi?

Kwa nyuzi 90, jumlisha kimo na kina. Kwa nyuzi 180, jumlisha nusu ya upana wa jengo, kimo cha ukuta, na urefu wa mteremko wa paa. Jumla yoyote iwe pungufu ya upana wa ukurasa mmoja, ambao kwa A4 iliyokunjwa ni sentimita 14.8. Mnara wa kanisa ndio huvunja hesabu hii mara nyingi. Upime kwanza, kabla ya kuchora kitu kingine.

## Maswali mazito

17. Majengo ya kale hayalindwi na sheria? Yanabomolewaje?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baada ya hapo hulindwa pale yanapotangazwa rasmi. Wajerumani walifika nyanda za juu miaka ya 1890, na Mbeya yenyewe ilianza mwaka 1927 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa. Maana yake ni kwamba maduka ya Uhindini, nyumba za wachimbaji na majengo ya misheni, yote ni "mapya" mbele ya tarehe hiyo. Lisilotangazwa, mwenye kiwanja akipata kibali analibomoa. Inaniuma kila ninapopita kwenye kiwanja kilichosawazishwa, na ndiyo sababu siwaambii watu wasubiri.

18. Ni sawa kutengeneza kadi ya boma la mkoloni? Si kumtukuza?

Boma lilijengwa kwa mikono ya watu wetu, wengi wao kwa kulazimishwa. Kata jengo lilivyokuwa, na ndani ya kadi andika lilitumika kwa kazi gani na nani alibeba mawe, kama unajua. Mimi kwa kila boma ninalokata, nakata pia tembe kwa kipimo hichohicho, ziwekwe pamoja mezani. Watoto wanaona wenyewe.

19. Soko la zamani la Mwanjelwa, Mbeya, liliungua. Kadi yake haitawaumiza watu?

Liliungua mwaka 2006, na wapo waliopoteza mtaji wote mara moja. Soko jipya limejengwa, lakini mama aliyekuwa na meza lile la zamani bado anaijua njia ya kufika mezani kwake gizani. Waulize hao kwanza. Nilipouliza, niliambiwa jambo moja: usikate moto, kata asubuhi, vibanda vikifunguliwa. Ukiambiwa na wahusika usikate kabisa, usikate.

20. Naweza kuuza?

Ndiyo, kazi ya mikono yako ni yako. Picha ya mtu mwingine usiichape kwenye kadi bila ruhusa yake, na familia iliyokufungulia albamu ipe kadi ya kwanza bure. Kadi ya A4 iliyokunjwa huingia kwenye bahasha ya C5.

21. Jengo bado limesimama lakini limechorwa X nyekundu ya kubomolewa. Nianzie wapi?

Acha karatasi, chukua futi kamba, nenda leo. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba au mlinzi. Jengo likiwa ofisi ya serikali au jirani na polisi au kambi, usitoe simu kabla ya kuruhusiwa.

Pima kwanza vile ambavyo picha haitakupa: kina cha jengo, unene wa ukuta, kimo cha baraza kutoka ardhini, umbali kati ya nguzo. Kisha piga picha kila upande ukiwa umesimama uso kwa uso, simu usawa wa kifua, na mtu mmoja asimame mlangoni awe rula yako. Usisahau nyuma, chooni, na jiko la nje. Ndani piga dari, sakafu na makomeo. Rangi ikiwa inabanduka, okota kipande kidogo, kiweke ndani ya bahasha na uandike kimetoka ukuta gani. Mara nyingi chini ya rangi ya juu utakuta tabaka nyingine nne au tano.

Ukimaliza, keti barazani na yeyote anayeishi pale, umwombe akutajie kila chumba kilikuwa cha nani. Andika majina kwenye ramani yako ukiwa hapohapo, kabla hujaondoka. Kesho yake tingatinga linaweza kuwa limekwisha kufika.